Kutoka Makutano hadi Ziwa Michaelson: Msamiati wa Theluji na Barafu katika Kiswahili

Ikisiri

Kiswahili aghalabu huelezwa kuwa lugha ya pwani na ya jua kali, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa hakina maneno ya kutosha ya kuelezea theluji na barafu. Makala haya yanafuata njia ya msafiri anayetoka Makutano mjini Meru kwenda kwenye maziwa ya Mlima Kenya ili kubainisha maneno ambayo Kiswahili tayari kinayo, mipaka ya maana baina ya maneno hayo, na pengo lililopo katika istilahi za zana za kutembelea juu ya theluji. Inadaiwa kwamba tatizo kuu limo katika matumizi: maneno yapo, lakini wazungumzaji na waandishi huyachanganya. Mkanganyiko huo unaweza kumgharimu mpanda mlima maisha yake, na unaweza kuinyima lugha nafasi ya kuyathibitisha maneno yake wakati barafu yenyewe ingalipo.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Mjini Meru methali hii imepata mahali pake. Penye njia panda panapoitwa Makutano hukutana wachuuzi wa miraa, waendeshaji wa bodaboda, wanafunzi wanaorejea vyuoni na wasafiri wa kwenda Nanyuki, Maua na Embu. Jina lenyewe ni somo fupi la mofolojia: mzizi wa kitenzi -kut-, kiambishi cha kutendana -an-, kiishio -o na kiambishi ngeli ma-. Kenya ina Makutano mengi, na hata msafiri atokaye Nairobi kwenda Embu hupita Makutano mengine njiani. Hata hivyo, haya ya Meru yana upekee wake, kwa kuwa kusini-magharibi mwake umesimama Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian kina mita 5,199, na ambao juu yake kuna barafu ingawa mstari wa ikweta unapita jirani kabisa.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaposimama hapo hujiuliza swali moja. Je, lugha inayotumiwa na watu wanaokutana chini ya mlima inaweza kuueleza mlima huo mpaka juu? Akitakiwa kuandika insha ya safari ya kwenda kwenye ziwa la mlimani siku theluji ilipoanguka, je, atakuwa na maneno sahihi, au ataandika "barafu" katika kila aya? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo.

2.0 Weupe Uliokosa Jina

Historia ya maandishi kuhusu theluji ya Afrika Mashariki ilianza kwa tatizo la msamiati. Mnamo tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro na weupe uliokuwa kileleni. Alipomuuliza kiongozi wake wa safari, jibu alilopewa lilikuwa neno moja tu: baridi. Kiongozi huyo hakukosea. Alikitaja kitu kwa athari yake kwenye mwili, na hiyo ni njia mojawapo ya lugha kukipa jina kitu kisichoguswa kila siku. Rebmann, ambaye alitoka katika nchi ya theluji, alilijua jina la kitu hicho kwa Kijerumani mara moja.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Krapf anahusiana na somo hili kwa njia mbili, kwani alikuwa pia miongoni mwa waandishi wa mwanzo wa sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ya lugha hii ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Kutoka kwa watu wa Embu alipata habari kwamba mlimani kulikuwa na kitu cheupe na cha baridi kali, kilichoporomoka kwa kishindo. Kutokana na maelezo hayo alihitimisha kwamba palikuwa na barafu ya kudumu. Mjini London mwanajiografia William Desborough Cooley alizipinga habari hizi za theluji karibu na ikweta, na ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi.

Kisa hiki kina funzo kwa mwanaisimu. Watu wa Embu walikuwa na maarifa sahihi kuhusu kitu hicho: rangi yake, baridi yake, mwendo wake na sauti yake. Majina ya mlima katika lugha za wenyeji, kama vile Kirimaara kwa Wameru na Kirinyaga kwa Wakikuyu, aghalabu hufasiriwa kwa kuhusishwa na weupe au mng'ao wa kilele. Katika Kikuyu, neno "ira" hutaja udongo mweupe na pia theluji. Ni dhahiri basi kwamba ukosefu wa neno moja linalolingana na lile la Kijerumani au la Kiingereza haukuwa ukosefu wa maarifa. Yule aliyekuwa karibu na mlima alikuwa na maelezo, na yule aliyekuwa mbali alikuwa na jina tu.

3.0 Njia ya Kwenda Ziwani

Ili kuyaona maneno katika mazingira yake, inafaa kuifuata safari yenyewe. Kutoka Makutano, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, msafiri huchukua barabara ya Meru kwenda Embu, akapita Nkubu na Igoji mpaka Chogoria. Kutoka hapo kuna njia ya msituni ya kiasi cha kilomita 30 inayopanda hadi lango la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,000. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1949, na mwaka 1997 mlima uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Katika eneo la mianzi, neno linalotawala ni ukungu. Umande hulowesha suruali za watembeaji, na matope hufanya gambuti kuwa na thamani kuliko buti za bei ghali. Mianzi inapokwisha, miti hupungua, mbuga za nyasi za vishungi hufunguka, na msafiri hulifikia Ziwa Ellis, lililo karibu mita 3,500. Hapa ndipo alfajiri huleta neno jipya: sakitu. Nyasi zilizokuwa na umande jioni huwa zimevikwa unga mweupe wenye kumetameta, na udongo ulio wazi huwa umeinuliwa na vijiti vyembamba vya barafu, kana kwamba sindano zimeota ardhini.

Mbele zaidi liko Bonde la Gorges, na ndani yake Ziwa Michaelson, karibu na mita 4,000, likiwa limezingirwa na kuta za mawe. Maji yake huingia katika Mto Nithi, mto uleule unaovukwa na magari yaendayo kati ya Chuka na Chogoria. Kwa kuwa halijoto hushuka kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, ziwa hilo lina baridi inayozidi ile ya Makutano kwa kiasi cha nyuzi 15. Shinikizo la hewa nalo ni karibu asilimia 60 tu ya lile la pwani, kwa hiyo hatua ndogo humchosha mtu upesi.

Kando ya maji hayo husimama mimea inayojua kuishi na baridi. Lobelia ya Mlima Kenya huhifadhi maji katikati ya majani yake yaliyopangika kama bakuli. Usiku uso wa maji hayo huganda na kufanya utando wa barafu, lakini maji yaliyo chini ya utando hubaki kimiminika, na chipukizi changa husalimika. Mwanafunzi wa lugha atambue kwamba katika bakuli moja la majani kuna maji na kuna barafu, na kwamba theluji ikianguka juu yake patakuwa na vitu vitatu. Kiswahili kina neno kwa kila kimojawapo.

4.0 Mipaka ya Maana

Maneno makuu mawili ya uwanja huu yameingia Kiswahili kutoka nje. Theluji limetokana na Kiarabu, ilhali asili ya barafu ni Kiajemi. Yote mawili yamo katika ngeli ya I-ZI, na pengine hilo huongeza urahisi wa kuyachanganya. Katika mazungumzo ya mitaani, barafu limebeba mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa ndilo neno la friji, la vinywaji na la samaki wanaosafirishwa. Mtu aliyelelewa Meru au Embu huenda alilijua neno barafu dukani kabla ya kulihusisha na mlima. Si ajabu basi kwamba weupe wote wa kilele huitwa barafu.

Njia nyepesi ya kutenganisha maana za maneno haya ni kuangalia vitenzi vinavyoandamana nayo. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Theluji imeanguka usiku kucha.
(2) Maji ya kidimbwi yameganda yakawa barafu.
(3) Sakitu imetanda juu ya nyasi.
(4) Mvua ya mawe imepiga mahema alasiri.

Katika (1), theluji hutoka mawinguni, nayo ni chembe laini zilizokwisha ganda kabla ya kufika chini. Katika (2), barafu ni tokeo la kuganda kwa maji yaliyokuwapo mahali fulani. Ni ngumu, hupasuka na huteleza. Katika (3), sakitu, ambayo wengine huiita jalidi, haikuanguka kutoka mawinguni wala haikuwa maji ya kidimbwi. Imetokana na unyevu wa hewa ulioganda juu ya kitu kilichopoa sana. Katika (4), mvua ya mawe hutaja vidonge vya barafu vinavyonyesha kwa nguvu, na wakulima wa majani chai wa miteremko ya Meru na Embu wanaijua kwa hasara inayoleta. Maneno yote manne hukutana kwenye kitenzi kimoja tu: jua likitoka, vyote huyeyuka.

Neno la tano ni barafuto, ambalo hutaja wingi wa barafu wa kale unaosogea polepole kufuata mteremko. Hili ni tunda la uhulutishaji, yaani kuunganishwa kwa sehemu za barafu na mto. Vitabu vya jiografia hutumia pia "mto wa barafu". Barafuto ya Lewis, iliyo chini ya Lenana, ndiyo mfano unaotajwa zaidi nchini Kenya. Uhusiano kati ya theluji na barafuto ni wa kihistoria: theluji ikilundikana mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote, hushindiliwa na uzito wake na kugeuka barafu. Anayeyatumia maneno hayo mawili kama visawe huwa ameufuta mchakato wote huo.

Kitenzi ganda nacho kinahitaji uangalifu. Kiswahili hukitumia kwa damu, kwa maziwa, kwa uji na kwa maji. Jambo hili huzaa utata wa kuvutia katika sentensi ifuatayo:

(5) Maziwa ya mlimani yameganda.

Ziwa la maji lina wingi maziwa, na maziwa ni kinywaji vilevile. Msomaji asiye na muktadha anaweza kuelewa kwamba maziwa ya ng'ombe wa mlimani yamekuwa mgando. Kwa kuwa maneno haya mawili yana umbo moja na upatanisho mmoja wa kisarufi, sarufi pekee haiwezi kuuondoa utata huo. Mwandishi anaweza kuuondoa kwa kutaja jina la ziwa, au kwa kusema kuwa "uso wa ziwa umeganda". Kauli hii ya pili ina manufaa zaidi, kwa sababu hata usiku wa baridi kali kinachoganda katika maziwa ya mlima huu aghalabu ni uso tu, na mara nyingi ni utando mwembamba kando ya maji.

5.0 Majira ya Baridi na Majira ya Theluji

Mfasiri anapokutana na habari za kutembea juu ya theluji huko Ulaya au Marekani ya Kaskazini, hukuta majira manne ya mwaka ambayo hayalingani na yale ya Afrika Mashariki. Wengine hutumia kipupwe kwa majira ya baridi ya huko. Wengine husema majira ya baridi, na wapo wanaosema majira ya theluji. Mlima Kenya unaonyesha kwa nini chaguo hili la mwisho lina hatari.

Katika nchi za kaskazini, baridi na theluji huandamana katika miezi ileile. Mlima Kenya, ukiwa kwenye ikweta, hauna tofauti kubwa ya halijoto kati ya mwezi na mwezi. Tofauti kubwa iko kati ya mchana na usiku: adhuhuri mtu huvua sweta, na usiku wa manane maji huganda ndani ya chupa. Theluji kwa upande wake hufuata mvua. Huanguka zaidi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa mvua inayonyesha Chogoria ndiyo theluji inayoanguka vileleni. Kipupwe cha Julai, ambacho huwafunika wakazi wa Meru na Embu kwa ukungu na manyunyu, hakilazimiki kuwa wakati wa theluji nyingi.

Kwa hiyo, katika Kiswahili cha mlima huu, majira ya baridi na majira ya theluji ni mambo mawili tofauti. Mfasiri atakayetumia "majira ya baridi" kwa habari za Ulaya atakuwa ameeleweka bila kuwapotosha wasomaji wa Chogoria. Atakayetumia "masika" kwa kuwa tu ndipo theluji huanguka nyumbani atakuwa amezua mkanganyiko mkubwa zaidi.

6.0 Zana za Miguu na Uundaji wa Istilahi

Kutembea juu ya theluji laini kuna tatizo moja la msingi, nalo ni kuzama. Watu wa asili wa Amerika ya Kaskazini walilitatua kwa kutengeneza fremu pana za mbao zilizopindwa, zikasukwa ndani kwa kanda za ngozi na kufungwa chini ya viatu. Siku hizi fremu hizo hutengenezwa kwa alumini au plastiki, lakini kanuni ni ileile ya kutawanya uzito. Chukulia mtu mwenye kilo 70 anayesimama kwa mguu mmoja juu ya kiatu chenye eneo la sentimita 200 za mraba. Kila sentimita ya mraba hubeba gramu 350. Akivaa fremu yenye sentimita 1,200 za mraba, kila sentimita hubeba takriban gramu 58 tu, na theluji inayoweza kuustahimili uzito huo humbeba.

Kiswahili kiziite nini zana hizi? Lugha nyingine zimechagua sifa tofauti. Kiingereza na Kijerumani ziliunganisha neno la theluji na neno la kiatu. Kifaransa kilitazama umbo na kuziita raquettes, yaani raketi, kama zile za mchezo wa tenisi. Mapendekezo matatu yanaweza kupimwa kwa vigezo vya kawaida vya istilahi: usahihi, uangavu, ufupi na kukubalika.

La kwanza ni "viatu vya theluji". Hii ni tafsiri mkopo, nayo ni rahisi kukubalika kwa kuwa kila neno lake linajulikana. Kasoro yake ni usahihi: msikilizaji atafikiria buti nzito zenye manyoya, ambazo ni kitu kingine, na ambazo huvaliwa ndani ya fremu hizo. La pili ni "raketi za theluji". Umbo litaonekana haraka, lakini asiyejua kazi yake anaweza kudhani kuwa ni mchezo wa kurushiana theluji. La tatu ni "nyayo pana". Neno nyayo linarejelea sehemu ya mguu inayokanyaga pamoja na alama inayoachwa, na kivumishi pana kinataja siri yote ya zana hii. Lina ufupi, lina uangavu, na huzaa kauli nyepesi kama "kutembea kwa nyayo pana". Kasoro yake ni ugeni. Kwa kuzingatia vigezo vyote, makala haya yanapendelea nyayo pana, huku "viatu vya theluji" likibaki kwa buti za baridi.

Pamoja na hayo, Mlima Kenya wenyewe hauhitaji sana nyayo pana. Theluji inayoanguka kwenye mwinuko wa Ziwa Michaelson mara nyingi huwa nyembamba, na jua la asubuhi huiondoa. Juu zaidi, kwenye Barafuto ya Lewis, hatari ni kuteleza. Zana inayohitajika huko ni ile yenye meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti ili yaume barafu. Kwa zana hii Kiswahili kina neno lililo karibu sana: njumu. Mashabiki wa kandanda wote wanajua kwamba njumu ni viatu vyenye vijino vya kushikia uwanja. "Njumu za barafu" ni istilahi ambayo mchezaji wa mpira wa Makutano ataielewa bila kufafanuliwa.

Historia ya mlima inaunga mkono tofauti hii. Mwaka 1943, Waitaliano watatu waliokuwa wafungwa wa vita katika kambi ya Nanyuki, akiwemo Felice Benuzzi, walitoroka kwa muda ili wapande mlima, kisha wakarudi wenyewe kambini. Kabla ya kutoroka walijitengenezea kwa siri njumu za barafu kutokana na vyuma chakavu, na mashoka ya barafu kutokana na nyundo. Wawili kati yao walifika Lenana. Walielewa mapema kwamba kule juu wangekabiliana na uso mgumu wa kuteleza.

Hapa ndipo thamani ya mipaka ya maana inapodhihirika. Katika "nyayo pana za theluji" na "njumu za barafu", maneno theluji na barafu hayawezi kubadilishana nafasi. Anayevaa njumu juu ya theluji laini atazama. Anayevaa nyayo pana zisizo na meno juu ya barafu ya mteremko atateleza.

7.0 Kinachohatarishwa

Linganisha maonyo haya mawili, ambayo kiongozi wa msafara anaweza kumpa mpagazi au mgeni:

(6) Kuna theluji mbele.
(7) Kuna barafu mbele.

Onyo la (6) linamwambia msikilizaji kwamba mguu wake unaweza kuzama, mawe na mashimo yamefichika, na viatu vitalowa. Apunguze mwendo, apime kwa fimbo, na afuate alama za aliyetangulia. Onyo la (7) linamwambia kwamba mguu utateleza. Asikanyage mpaka afunge njumu, au azunguke. Kando ya ziwa, (7) humwambia zaidi: kile kinachoonekana kama sakafu ni utando juu ya maji. Kiongozi anayetumia neno moja kwa hali zote mbili humwachia msikilizaji kazi ya kukisia, na mtu aliyechoka katika hewa haba hukisia vibaya. Katika misafara ya mlima huu, Mmeru, Mkikuyu, Mtanzania na mgeni aliyejifunza lugha kidogo huunganishwa na Kiswahili. Usahihi wa Kiswahili hicho ni sehemu ya usalama wao.

Kuna jambo jingine zito. Barafu inayotajwa inatoweka. Inakadiriwa kuwa Barafuto ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na Barafuto ya Gregory imekwisha kutoweka. Mwaka 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilieleza kwamba hali ikiendelea hivyo, barafu yote ya kudumu ya Afrika Mashariki itakuwa imekwisha ifikapo miaka ya 2040, na ile ya Mlima Kenya itatangulia kwa takriban muongo mmoja. Kizazi cha wanafunzi walio vyuoni sasa huenda kikawa cha mwisho kuweza kulionyesha neno barafuto kwa kidole katika ardhi ya Kenya.

Neno halifi siku kitu kinapotoweka, lakini hupoteza shahidi. Kamusi itaendelea kusema kwamba barafuto ni kitu fulani, na msomaji atalazimika kuiamini kamusi. Wale walioikanyaga barafu hiyo, wapagazi na viongozi wa misafara kutoka Chogoria, Chuka, Embu na Meru, wana maelezo ya mikono na miguu: barafu ya bluu na barafu nyeupe, theluji ya asubuhi inayobeba na ya adhuhuri inayozamisha. Mengi ya maelezo haya yamo katika mazungumzo, na hayajaingizwa katika kamusi wala vitabu vya kiada. Watu wa Embu walimpa Krapf maelezo sahihi katika karne ya 19, naye akayaandika kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya. Itakuwa aibu kwa vyama vya Kiswahili vya vyuo vilivyo chini ya mlima huo kushindwa kufanya vivyo hivyo kwa ajili ya wasomaji wao wenyewe.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kumfikisha msafiri kutoka Makutano hadi Ziwa Michaelson: ukungu, umande, sakitu, theluji, barafu, mvua ya mawe na barafuto. Yameonyesha pia kwamba maneno hayo hutambulikana kwa vitenzi vyake, kwamba majira ya baridi na majira ya theluji hayalingani katika ikweta, na kwamba istilahi mpya kama nyayo pana na njumu za barafu zinaweza kuundwa kutokana na mali iliyomo ndani ya lugha. Kazi iliyobaki ni ya ukusanyaji. Mwanafunzi mwenye daftari na kinasa sauti anaweza kuianza penye njia panda ya Makutano, kwa kumuuliza mtu aliyeshuka jana kutoka mlimani kwamba alikanyaga nini, na kwamba kitu hicho wao hukiitaje.

Maswali ya Mjadala

1. Tunga sentensi moja kwa kila neno kati ya haya: theluji, barafu, sakitu na barafuto. Teua kitenzi kisichoweza kutumiwa na mengine matatu. Je, kila neno lina kitenzi cha namna hiyo?

2. Eleza utata uliomo katika sentensi "Maziwa ya mlimani yameganda", kisha pendekeza njia tatu za kuuondoa.

3. Pima "viatu vya theluji", "raketi za theluji" na "nyayo pana" kwa vigezo vinne vya istilahi. Je, kuna pendekezo la nne lililo bora zaidi?

4. Katika lugha yako ya kwanza, theluji na barafu huitwaje? Chunguza iwapo jina hilo limetokana na rangi, athari ya mwilini, mwendo au mkopo.